Mjadala: Mwanafunzi akizomewa na wenzake, shule inawajibika au "ni utani wa watoto"?

Mleta mada
Wadau wa kanda ya ziwa habari zenu. Kuna jambo linanikera nataka tulichambue, ila matusi hapana.

Mnakumbuka Novemba 2021 Prof. Ndalichako akiwa waziri wa elimu alitangaza mabinti waliojifungua waruhusiwe kurudi shule za kawaida, na waraka ukatoka. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Sasa binti wa dada yangu karudi fomu tuu kwenye sekondari moja ya kata huku Ilemela, mkuu wa shule kampokea vizuri, fomu zikajazwa, yakaisha. Darasani je? Akisimama kujibu swali huko nyuma wanaanza kulia kama kichanga, nyaaa nyaaa, darasa zima kicheko, mwalimu anasema nyamazeni afu anaendelea na ubao. Dawati lake wamelichonga kwa bikari MAMA J. Mapumziko hanunui hata andazi maana akipanga foleni wanamuuliza "na la mtoto?" Dada kaenda kulalamika kajibiwa ni utani wa watoto, atazoea.

Mi nasema ukimpokea mwanafunzi wa hivyo hujamaliza kazi mpaka uliandae na darasa atakalokaa. Nyie mnaonaje?

Mwalimu, Magu
Ndugu mleta mada pole kwa binti, ila mnatubebesha sana. Tangu ada ifutwe 2016 watoto wamejaa, mwalimu wa malezi kwetu ndo huyohuyo wa hesabu, ndo huyohuyo wa michezo, saa ngapi akae na kila anayetaniwa? Na hayo maneno hayaoti shuleni jamani. Mzazi anamsema binti wa jirani jioni wakila ugali, wanae wanasikia, asubuhi wanakuja nayo, mimi ndo nifute?

Mama wa Kirumba
Fimbo tu hao. Sisi tulichapwa tukanyooka, siku hizi mnawabembeleza sana.

Mleta mada
Mama yangu shikamoo, fimbo zimeshatumika. Kanuni zenyewe zinasema mwisho nne na lazima mkuu wa shule aruhusu, sijui kama walihesabu lol. Wavulana wawili walichapwa, kesho yake wakamsubiri binti barabarani, "umetuchongea", wakamfuata mpaka anapanda daladala. Sasa hilo limetokea nje ya geti, shule inasema haiwahusu, wakati ugomvi ulianzia kwenye dawati lao!

Mwalimu hapo kwa wazazi umesema kweli, siwatetei. Lakini mbona simu au sketi fupi mnaipatia muda?

Mdau wa Misungwi
Naomba niseme mimi nina ualbino. Yale mauaji yalivyopamba moto kanda hii miaka ya 2007 na 2008 watoto wengi kama mimi tulipelekwa bweni tukae salama, huku Misungwi wengine wapo shule ya msingi Mitindo. Uzio ulisaidia sana siwezi kubisha. Ila kuitwa zeruzeru kulikuwa ndani ya uzio hukohuko, kuna mmoja kila nikipita anatema mate chini eti asizae kama mimi, na walimu wanaona. Aliyebadilisha ni mwalimu mmoja wa Kiswahili, alinisogeza mbele kwa sababu ubao siuoni vizuri, akalieleza darasa kwa nini macho yangu yako hivi na kwamba hili sio la kuambukiza, akajibu na maswali yao ya ajabu ajabu mimi nikiwa nimekaa palepale. Haikufika hata nusu ya kipindi. Hawakunipenda ghafla, ila yule wa mate aliacha, maana wenzake ndo walianza kumcheka yeye. Kwa hiyo mwalimu wa Magu, hapo mlitumia muda gani wa ziada?

Mwalimu, Magu
Hapo umenishika kidogo. Lakini huyo mwalimu alijitolea mwenyewe, hakuna aliyemwagiza, akihamishwa ndo basi.

Mleta mada
Ndo hapohapo ninapogombana nao mkuu, isiwe bahati ya kupata mwalimu mwenye moyo. Iwe kazi ya mtu anayejulikana, na mzazi ajue anamuona nani. Dada ana kikao na mkuu wa shule Jumatano. Kama shule ya mwanao ina dawati la ulinzi wa mtoto, yaani watu wa kupokea na kushughulikia malalamiko ya watoto, na linafanya kazi kweli sio bango tu ukutani, andika hapa linaendeshwaje na nani analisimamia, tumpelekee mfano mkononi.