Vijana wanapita kizuizi cha intaneti maabara ya kompyuta

MwlTEHAMA: Wakuu, nafundisha sekondari ya kata. Ruta nimeiwekea DNS ya 1.1.1.3 (huduma ya anwani za tovuti yenye kichujio), tovuti za ngono zikafungwa. Sasa kidato cha tatu wanaleta VPN (programu ya kupitisha intaneti njia ya siri) kwenye flashi, wanazifungua kipindi changu kikiendelea! Nifanyeje?

Fundi_Ruta: Mkuu, DNS inatafuta anwani za tovuti tu. VPN ikishawaka, kila kitu kinapita kwenye seva yake, ruta yako haioni kitu. Wape akaunti isiyo ya msimamizi, kisha zuia programu kufunguka kutoka kwenye flashi.

MamaChuo: Geuza skrini zote zitazame meza yako. Bure kabisa.

MwlTEHAMA: Asanteni. Flashi nazifunga kesho, ingawa mwalimu wa taaluma atanuna, muvi zake anaziangalia humo humo.