Mrejesho: mume wangu kukoroma usiku

Wapendwa, niliwauliza kuhusu mume wangu anayekoroma hadi watoto wanaamka chumba cha pili. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Kulala ubavu ndiko kumesaidia zaidi. Akilala chali, ulimi na nyama laini za kooni hurudi nyuma na kubana njia ya hewa. Bia za usiku ameziacha pia, maana zinalegeza misuli ya koo. Maji ya chumvi puani hayakubadili kitu.

Dada uliyeniambia nisikilize kama pumzi inakatika, Mungu akubariki. Kweli inakatika, kisha anashtuka akihema. Daktari wa masikio, pua na koo amemwandikia kipimo cha usingizi. Anakoroma bado, ila kwa sauti ya chini. Kipimo tunakisubiri.