Kupeleka familia hifadhini kwa siku moja kutokea Arusha na Moshi: tupeane uzoefu

Baba wa Watatu (Sakina)

Habari za jioni wadau. Desemba shule zinafunga. Watoto wetu wanaona magari ya watalii yakipita kila siku, lakini wengi hawajawahi kuvuka geti la hifadhi hata moja. Naomba kila aliyewahi kwenda na familia aeleze ilivyokuwa. Naanza mimi.

Julai mwaka jana nilikodi Landkruza nikachukua mke, watoto watatu (miaka 3, 7 na 12) na mama yangu mzazi, tukaenda Ngorongoro. Nilijua kule kuna baridi, ila sikujua ukubwa wake. Ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, uko juu ya mita 2,200, na ule mwezi ukungu wa asubuhi unafunga kabisa. Mama alijifunika khanga mbili na bado anatetemeka. Lami inaishia geti la Lodoare, kutoka hapo ni vumbi na kona, na yule wa kati alitapika mara mbili kabla hatujaanza kushuka.

Chini kule tulisahau yote. Kuta za kreta zina kimo cha mita 600 hivi, eneo la ndani ni kama kilomita za mraba 260, kwa hiyo hamkai muda mrefu bila kuona mnyama. Simba jike wawili walikuja kulala kwenye kivuli cha gari letu. Mama yangu alishika mkono wangu hakuuachia mpaka tukaondoka.

Lakini binti yangu wa miaka 7 siku nzima alikuwa anauliza twiga wako wapi. Wiki nzima kabla ya safari alikuwa akichora twiga kwenye daftari. Mchana ndipo dereva akamweleza taratibu kwamba ndani ya kreta twiga hawapo. Aliinamisha kichwa, hakusema kitu. Iliniuma sana, kwa sababu ningemuuliza kabla anataka kumwona mnyama gani, ningechagua hifadhi nyingine.

La mwisho ni chakula. Pale Ngoitoktok, penye bwawa la viboko, mwewe wanazunguka juu. Mwanangu mkubwa alishuka na paja la kuku mkononi, mwewe akaja kwa nyuma akalikwapua, kucha zikamchubua kidole. Kuleni ndani ya gari, tafadhali.

Dereva wa Njiro

Mkuu, hilo la mwewe nalishuhudia kila msimu. Nimeendesha watalii miaka 14, na siku zangu za mapumziko nawapeleka wanangu, kwa hiyo nasema kama dereva na kama mzazi.

Malipo yafanyeni mapema kwa kontrol namba. Mkisubiri kuhangaika nayo getini na mtandao ukasumbua, asubuhi yote imekwenda, na asubuhi ndiyo saa ya wanyama. Bebeni vitambulisho vya taifa, maana kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni. Mtoto chini ya miaka 5 halipi, wa 5 hadi 15 analipa kidogo. Wanangu nawabebea nakala za vyeti vya kuzaliwa ili pasiwe na mabishano.

Kuhusu choo: mle ndani hairuhusiwi kushuka popote, ni kwenye vituo vya kupumzikia tu. Kwangu sheria ni moja. Tukifika penye choo, wote wanashuka, aliyebanwa na asiyebanwa. Nimeona mama analia garini kwa ajili ya mtoto ambaye nusu saa nyuma alisema hana haja.

Vyakula wekeni kwenye hotpoti na vikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Mayai ya kuchemsha, viazi, ndizi na chai kwenye chupa vinatosha. Juisi nyingi za sukari kwenye kona zile ndizo zinazorudi juu. Anayetapika akae mbele na aangalie mbali, asiangalie simu.

Na kama mnashuka kreta, gari liwe la kuvuta matairi yote manne. Saa 12 jioni mnatakiwa muwe mmeshatoka, kwa hiyo pigeni hesabu kabla ya kusimama sana Karatu.

Mama Pacha (Usa River)

Baba wa Watatu, pole kwa binti. Mlete huku kwetu. Hifadhi ya Taifa Arusha ipo tangu 1960, geti la Ngongongare halifiki hata saa moja kutoka mjini, lakini watu wanaipita wakidhani si hifadhi kwa sababu haina simba. Pacha wangu walikuwa na miaka 4. Niliwaambia nyumbani kabisa, "Leo hatuendi kwa simba, tunaenda kwa twiga na mbega." Hawakuulizia simba hata mara moja.

Ukishaingia tu kuna uwazi unaitwa Serengeti Ndogo, pundamilia na nyati wako pale. Twiga mmoja alisimama katikati ya barabara, tukazima gari, tukamngoja karibu robo saa. Ile robo saa wanangu wanaisimulia mpaka leo. Kreta ya Ngurdoto mnaitazama kutoka ukingoni, hamshuki ndani. Mbega weupe wako kwenye msitu, ila mnyamaze, la sivyo mtaona mikia tu. Kisha maziwa ya Momella yenye heroe. Saa 8 mchana tulikuwa tumesharudi nyumbani, watoto wamelala.

Shangazi wa Majengo (Moshi)

Mimi si hifadhi, ni Chemka, ile chemchemi ya kule Hai unayoingilia Boma Ng'ombe. Naandika kwa sababu ya usalama. Maji ni masafi mpaka unaona chini, na hapo ndipo mtoto anapodanganyika: anadhani ni kina kifupi. Mwana wa kaka yangu, miaka 9, aliona vijana wanaruka kwa kamba, naye akajirusha. Hajui kuogelea. Kijana mmoja, Mungu ambariki, alimtoa kabla mimi sijajua kimetokea nini. Nilikuwa nageuza mishikaki.

Sasa hivi tunakwenda na majaketi ya kuelea tuliyonunua wenyewe, na mtu mzima mmoja kazi yake ni kutazama maji tu, hapiki, hapigi picha. Tunapokezana kila nusu saa.

Babu wa Kibosho

Nina miaka 71. Nimezaliwa chini ya Kilimanjaro, nimeuza kahawa, nimesomesha, lakini tembo sikuwahi kumwona mpaka wajukuu waliponipeleka Tarangire Septemba iliyopita. Kipindi kile cha kiangazi tembo wanafuata mto. Nilihesabu 43, nikaacha. Kulikuwa na mdogo anajificha chini ya mama yake, mjukuu wangu akaniambia, "Babu, huyo ni kama mimi." Sikuweza kumjibu.

Mavazi: msivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda rangi hizo. Mjukuu mmoja alivaa fulana ya bluu, aliumwa peke yake kuliko sisi wote. Na tumbili wa pale pa kulia chakula waliingia dirishani wakatoka na mkate mzima. Fungeni vioo.

Baba wa Watatu (Sakina)

Babu shikamoo, nimesoma hilo la tembo mdogo mara mbili. Dada Mama Pacha, mama yangu ana magoti mabovu. Kuna kutembea sana huko Ngurdoto?

Mama Pacha (Usa River)

Hapana kaka. Unasimamisha gari karibu na sehemu ya kutazamia, hatua chache tu. Mpe siti ya mbele na mto wa kuegemea.

Baba wa Watatu (Sakina)

Basi ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunga. Nimemwambia binti jioni hii kwamba twiga wapo kweli. Amekwenda kulitafuta lile daftari.