Ami alokufa vita vya Kagera, kaburi lake nitalipata vipi?

mpemba_wa_Konde: Asalaam aleikum wadau. Ami yangu alikuwa mwanajeshi, kaondoka Pemba mwisho wa 1978 Amin alipoingia Kagera, hajarudi tena. Alikuwa na miaka 22, posa ishapelekwa na kanga za bi harusi zishanunuliwa. Barua ikaja 1979 kuwa kafia vitani, basi, maiti hatukuletewa. Bibi yetu hakukubali mpaka anaingia kaburini mwaka jana, mikarafuu ami aloachiwa na babake hakutaka igawiwe, akisema mwanangu sijamzika nitamgawia nani. Sasa wazee wanataka kugawa, mie nnataka nilione kaburi kwanza. Wapi wamezikwa wale?

mzee_kikosi: Waleikum salaam. Wengi wamelala Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, makaburi ya jeshi yale. Mie nilikwenda nikamtafuta mwenzangu tuliepelekwa pamoja, nikasimama pale nikashindwa hata kusoma Fatiha vizuri. Vita vile havikuwa vya redioni tu, sisi tumetembea kwa miguu mpaka Kampala, Aprili 1979, na Lukaya huko Uganda tulikutana na Walibya walokuja kumsaidia Amin. Tafuta namba yake ya jeshi, majina yetu Wapemba yanafanana mno, Juma Khamis watakuja kumi.

ukhty_wete: Masikini bibi. Na yule mchumba je, aliolewa?

mpemba_wa_Konde: Aliolewa baadae huko Wete. Ila kila Idi akija kumpa mkono bibi, mpaka bibi anakufa.

ustadh_mkoani: Allah amrehemu. Kama hamjamswalia, kuna swala ya ghaibu, ya kumswalia maiti asiyekuwepo, kwetu Shafii inajuzu, msisubiri safari. Mikarafuu nendeni kwa kadhi na ile barua, maana warithi wa ami ni walokuwa hai siku aliyokufa, na bibi alikuwemo, kwa hivyo fungu lake nalo lirudi kwa warithi wake. Msigawe kienyeji mkaja kugombana msimu wa karafuu.

dogo_chake: jaribu uende julai 25 sku ya mashujaa bro

mpemba_wa_Konde: Namba nimeiona, imeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya picha yake, ilikuwa ndani ya msahafu wa bibi. Mzee, basi la Dar mpaka Muleba skuizi nauli ngapi?