MREJESHO: Karakana yetu na sheria mpya ya ununuzi wa umma

Wakuu, niliuliza hapa namna karakana yetu ya samani, inayouzia shule na halmashauri, ijiandae kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania ya 2023 na Kanuni zake za 2024. Asanteni sana kwa majibu.

Tumeshajisajili kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa njia ya mtandao, uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS. Kujisajili kwenyewe hakukusumbua, kazi ilikuwa nyaraka. Hakikisheni jina la biashara linasomeka sawasawa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kwenye TIN (namba ya mlipakodi) na kwenye leseni kabla ya kuanza.

Aliyenielekeza kwenye ile asilimia 30 ya ununuzi wa umma inayotengwa kwa makundi maalumu (wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu), Mungu ambariki. Sisi kama kampuni haituhusu, ila kina mama wanaotushonea vitambaa vya viti inawahusu moja kwa moja. Wameshaunda kikundi na wanafuatilia usajili wao. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote kwenye sheria hii, kwa sababu miaka yote wamekuwa wakipata kazi kupitia mgongo wa mtu mwingine.

Zabuni ya madawati tumeituma, tunasubiri tathmini. Mwenye uzoefu wa kupata mtaji huku malipo yakichelewa, naomba msaada.