Mjadala: Bangi ikiruhusiwa, pakiti itamlinda mtoto?

Bangi bado ni haramu kisheria Kenya. Lakini tangu Warasta waende Mahakama Kuu mwaka 2021 kudai haki ya kuitumia, na George Wajackoyah aombe urais 2022 akiahidi kuihalalisha, hapa Mombasa nasikia wengi wakisema: iruhusiwe, bora pakiti ziwe na onyo. Mimi sikubaliani nao.

Canada iliruhusu bangi 2018 kwa masharti makali: pakiti ya rangi moja isiyo na picha za kuvutia, kifuniko kigumu kwa mtoto kufungua, na vyakula vya bangi viliporuhusiwa 2019, pakiti moja isizidi miligramu 10 za THC, ile kemikali inayolevya. Colorado, Marekani, mwaka 2017 ikakataza hata peremende za bangi zenye umbo la mtu, mnyama au tunda. Masharti mazuri, ila yote yategemea bidhaa imfikie mnunuzi ikiwa ndani ya pakiti yake.

Kwetu je? Mtoto wa Kisauni au Likoni hununua mabuyu na achari katika vipakiti visivyo na jina wala tarehe. Sigara yauzwa moja moja ilhali Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 yakataza. Onyo lote labaki kwa mwenye duka!

Na kuki ya bangi yanitisha kuliko msokoto. Moshi utamkohoza mtoto. Kuki ni tamu, na ulevi wake waweza kukawia nusu saa hadi saa mbili. Akiona hakuna kitu, aongeza ya pili.

*Jibu, mfanyabiashara wa Kongowea:*
Kwa hivyo tukae hivi hivi? Muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, ulipigwa marufuku na Gavana wetu wa Mombasa Abdulswamad Nassir 2024, mahakama ya Embu ikaisimamisha amri. Bangi nayo imekatazwa miaka yote na iko mitaani, haina lebo wala mwenyewe. Ikiruhusiwa, mtoto akidhurika angalau yupo wa kushtakiwa.

*Mwanzisha mada:*
Hapo kwa wa kushtakiwa umenigusa, ndugu yangu. Basi sheria ikija, peremende, kuki na vinywaji vya bangi visiwemo kabisa, na anayefungua pakiti auze kidogo kidogo apokonywe leseni. Rangi na maandishi tutayazungumza baadaye. Lakini nijibu wewe na wengine: vibanda vya nje ya shule, wakati watoto wametoka saa saba, vitakaguliwa na nani? Maafisa wa afya wa kaunti au polisi?