Zimamoto na bastola: gumzo la Majirani Chuno, Mtwara

*Jumapili, saa 1 na dakika 12 usiku*

Mchopa Boda: [video]

Mchopa Boda: Wakubwa shikamooni. Hii ni Marekani, jimbo la Idaho, Juni 2025. Kijana wa miaka 20 kawasha moto mlimani makusudi. Zimamoto walipopanda kuuzima akawafyatulia risasi kutoka mafichoni. Wawili wakafa, wa tatu akajeruhiwa.

Bi Somoe: Marahaba wanangu. Inna lillahi. Mtu anakuja kukuzimia moto, wewe unamuua?

Fundi Issa: Ndo maana nasema kila siku, hawa watu wapewe bastola. Ni jeshi au si jeshi? Wana vyeo, wanapiga kwata, wana Kamishna Jenerali. Jeshi gani linaingia kazini mikono mitupu

Mchopa Boda: Mikono mitupu tena? Si wana shoka 😂

Mama Zuhura: Nyie chekeni tu. Mimi kwetu ni kule kando ya Mto Ruvuma, jirani na Kitaya, hukuhuku mkoani Mtwara. Oktoba 2020 watu walivuka mto kutoka Msumbiji wakaua, wakachoma nyumba. Fikiria zimamoto wametumwa kuzima pale, nani anawalinda?

Fundi Issa: Umemaliza Mama Zuhura.

Fundi Issa: Askari wa wanyamapori kule Liwale anabeba bunduki na hakuna anayeshangaa.

Mjumbe Nampota: Jamani, kabla hatujaenda mbali, mchango wa taka bado kaya kadhaa. Naomba mnisome.

Mchopa Boda: Tumekusoma Mjumbe. Afande Likwati yuko wapi? Hili ni lake.

Afande Likwati: [ujumbe wa sauti, 3:41]

Mwl. Hadija: Shikamoo Afande. Niko msibani, siwezi kusikiliza sauti. Tuandikie tafadhali.

Afande Likwati: Marahaba mwalimu. Vidole vyangu vizito ila naandika.

Afande Likwati: Kazi ile ya zimamoto nimeianza tukiwa chini ya halmashauri, kabla ya sheria ya 2007 kuunda jeshi moja la nchi nzima. Nimuulize Fundi swali dogo tu. Hiyo bastola naivaa wapi? Mwilini nina koti zito, mgongoni mtungi wa hewa, usoni barakoa, mkononi glovu ambayo hata simu haibonyezi. Chumba kikishawaka chote, kule juu darini joto linapita nyuzi 500. Risasi haifiki hata nusu ya hapo, inalipuka yenyewe. Na ile iliyokwishaingia kwenye mtutu inatoka kama vile umevuta kifyatulio. Nimeinama nambeba mtoto, mtutu uko kiunoni kwangu. Umeelekea wapi?

Bi Somoe: Astaghfirullah

Fundi Issa: Basi aiache kwenye gari.

Afande Likwati: Amwachie nani? Dereva ndiye mwendesha pampu, macho yake yako kwenye geji. Wengine wote wako kwenye mpira wa maji. Pembeni una umati. Wapo waliokuja kutazama, wapo wanaookoa vitu vya mwenye nyumba, na wapo wanaoviokoa moja kwa moja hadi nyumbani kwao.

Mchopa Boda: 😂😂😂 Afande jamani

Afande Likwati: Sikutanii. Silaha ya serikali unakabidhiwa kwa sahihi na kwa namba. Ikipotea hapo, moto umezimika na askari anakwenda kujibu kesi. Usiku ule wa kwanza tu kila mtu atakuwa anailinda bastola badala ya kutafuta nani kabaki ndani.

Mwl. Hadija: Nami niongeze moja niliyowahi kuisoma. Webster, New York, tarehe 24 Desemba 2012, alfajiri. Mtu kachoma moto kwake makusudi, akawavizia zimamoto na bunduki. Wanne walipigwa, wawili wakafa. Sasa sikilizeni. Mmoja wa waliokufa alikuwa Luteni wa polisi wa mji huohuo. Zimamoto alikuwa anajitolea tu.

Mchopa Boda: Polisi kabisa? Duh

Mwl. Hadija: Polisi kabisa. Mafunzo ya silaha alikuwa nayo, tena miaka mingi.

Afande Likwati: Hapo mwalimu umegonga penyewe. Moto unakumulika wewe. Aliyejificha gizani anakuona mpaka vifungo vya koti, wewe humuoni. Hiyo bastola utamwelekezea nani?

Fundi Issa: Lakini Afande, Wamarekani wenyewe wameona haja. Texas mwaka 2021 walipitisha sheria, baadhi ya waokoaji wanaruhusiwa kubeba bastola kazini wakishapata mafunzo. Sikuitunga mimi.

Afande Likwati: Najua. Kwao bunduki inauzwa dukani, kwa hiyo hofu yao ni ya bunduki. Hapa mtaani kwetu nitajie nyumba yenye bunduki.

Mchopa Boda: Labda ya Mjumbe 😂

Mjumbe Nampota: Mchopa, wewe hata mchango wa taka hujatoa.

Afande Likwati: Sisi hofu yetu ni mawe. Nimerushiwa, na mkoa siutaji. Tumefika, watu wana hasira, mmoja anapiga kelele hatuna maji, wote wanaamini. Jiwe likapita kwenye kioo. Kijana aliyerusha nilimwona kwa macho yangu. Nyumba inayoungua ni ya mama yake. Alikuwa analia huku anarusha. Sasa Fundi, ningekuwa nayo kiunoni, ningefanya nini?

Fundi Issa: Ungepiga hewani.

Afande Likwati: Nikishapiga hewani, kesho yake nikirudi mtaa ule kuzima, nitapokelewaje?

Mwl. Hadija: Na hapa kwetu Mtwara tusijifanye tumesahau. Mei 2013, vurugu za bomba la gesi. Siku zile mtu akiona sare na bunduki ama anakimbia ama anaokota jiwe. Gari jekundu likija nalo lina bunduki, nani atasimama kutazama limeandikwa nini ubavuni?

Bi Somoe: Siku zile mimi nililala chini ya kitanda na wajukuu. Msinikumbushe.

Mama Zuhura: Afande, yote sawa. Lakini la Kitaya hujanijibu.

Afande Likwati: Nakujibu mama. Waliovuka ule mto lilikuwa kundi lenye silaha za kivita. Kwenda kupambana nalo ni kazi ya polisi na JWTZ, na ndio waliokwenda. Mzima moto na bastola yake pale ni maiti ya ziada tu. Utaratibu wa sehemu kama hiyo unajulikana. Gari linasimama mbali, injini inaunguruma, polisi wanatangulia, wakisema pako salama ndipo mnaingia. Huko Marekani siku hizi wana vikosi ambavyo waokoaji wanavaa fulana za kuzuia risasi na helmeti, wanaingia wakiwa katikati ya polisi wenye bunduki. Mwokoaji anashika majeruhi, polisi anashika silaha.

Mama Zuhura: Na wakati mnasubiri polisi, nyumba inaendelea kuungua.

Afande Likwati: Inaungua, mama. Sitakudanganya. Hata huko Webster ziliungua nyumba saba, kwa sababu zimamoto hawakuweza kusogea mpaka polisi wamalizane na yule mtu.

Mama Zuhura: Saba! Hapo ndo sikubaliani na nyie.

Afande Likwati: Una haki. Nami nikikumbuka kusubiri kulivyo, tumbo linaniuma hadi leo. Ila fulana naitaka. Polisi awe njiani pamoja na mimi, namtaka. Mtu anayepokea simu ya zimamoto, 114, amuulize mpigaji kama kuna ugomvi pale, amwite na wa polisi, 112, hapohapo, nalitaka hilo kuliko yote. Bastola hapana.

Mchopa Boda: Mi nilidhani Afande atashabikia.

Bi Somoe: Sasa tuseme leo kwangu kunaungua, na lile paa la jikoni ni la makuti. Hilo gari litapitia wapi? Njia yetu hata bajaji inajikunja.

Afande Likwati: Bi Somoe, swali hilo linanitisha kuliko video ya Mchopa. Pale kona ya msikitini pana bodaboda kumi, kibanda cha chipsi, na mageti ya chuma yameegemezwa hadi barabarani.

Mwl. Hadija: Mageti ya nani hayo?

Mchopa Boda: Ngoja nimwachie Fundi ajibu 😂

Fundi Issa: Ni oda za wateja jamani, hawajaja kuchukua.

Mjumbe Nampota: Fundi, watu wawili walishanilalamikia hilo. Boda nazo zihamie upande wa pili, Mchopa ongea na wenzako. Kibanda cha chipsi nitakwenda mwenyewe kesho.

Mchopa Boda: Boda usijali Mjumbe, naongea nao leo leo.

Fundi Issa: Sawa, kesho asubuhi nayaingiza ndani. La bastola sijakubali, tutaliongea. Ila naomba vijana wawili, lile geti la milango miwili silibebi peke yangu.

Mchopa Boda: Saa 1 niko hapo na mwenzangu. Chai na chapati juu yako.

Fundi Issa: Chai nitatoa. Chapati muulizeni Mjumbe, ndo mwenye michango.